Ndoa za Jumanne

Zara sijawahi kufika. Naijua kwa sababu tuliijenga sisi wenyewe, watu watatu, katika chumba cha nyuma cha sakristia, pale yanapotunzwa mavazi ya misa, katika kanisa la mji wetu wa Roccaverna, Italia. Mji wa kweli ulikuwa ng'ambo ya bahari ya Adria, na mabomu yalikuwa yameupiga mpaka vitabu vya parokia zake vikateketea. Ndiyo maana tuliuchagua. Mtu akisema alifunga ndoa Zara, hakuna aliyeweza kupiga simu na kumuuliza paroko kama ni kweli.

Wa kwanza kati yetu alikuwa Padri Olinto Gaggero, paroko wetu, mtu wa vitabu. Wa pili alikuwa Jakov Kabiljo, Myahudi wa Sarajevo, fundi wa kupanga herufi za chapa, aliyeletwa Italia na wimbi la wakimbizi mwaka 1941 na tangu Septemba 1943 akawa anaishi juu ya sakristia, nyuma ya mabomba ya kinanda. Wa tatu ni mimi, Ersilia Bonfante, karani wa msajili katika ofisi ya mji. Padri alitoa Kilatini. Jakov alichonga mihuri kwa soli za viatu, akachapa vyeti, na kuwabunia watu maisha mapya. Mimi nilihakikisha kwamba kila tarehe inakubaliana na nyingine. Mashine hiyo ya chapa ilichapa pia vikaratasi vya wapiganaji wa milimani, vilivyosema jambo moja tu kwa maneno tofauti: kwamba Mafashisti wameshindwa, ila bado hawajaambiwa.

Niliingia katika kazi hiyo kwa sababu moja, nayo ni hii. Mwezi Agosti 1938 serikali iliagiza Wayahudi wote wahesabiwe. Roccaverna ilikuwa na mmoja, Salvador Foà, muuza vitambaa, na kadi yake niliiandika mimi. Desemba 1943 wanamgambo walikuja ofisini wakiwa na kadi hiyo mkononi. Ilisomeka vizuri, mwandiko wangu umesifiwa tangu shule. Walimchukua akiwa dukani, akiwa na futi ya kupimia shingoni. Siku ya tatu nilimpelekea Padri Olinto karatasi tupu mia mbili za serikali, zimefungwa ndani ya aproni.

Bondeni kwetu ukungu hushuka Novemba na kuondoka Machi. Dirisha la chumba kile lilikuwa jeupe mchana kutwa, kama karatasi ambayo bado haijaandikwa. Tukiwa ndani hatukuona mtaa wala mlima. Jakov alifumba macho na kusema, "Mlangoni pa kanisa kuna ngazi tatu, ya kati imepasuka," na ngazi ikawepo. Alimfundisha kila bwana harusi na kila bibi harusi yaliyotokea siku yao: nani alichelewa, walikula nini, mbingu ilikuwaje.

"Mwongo hana hali ya hewa," alituambia. "Muulize mwongo kama mvua ilinyesha, atakodoa macho. Watu wetu watakuwa na mvua."

Alipenda mvua. Katika miezi miwili tulifungisha ndoa kumi na moja, na tisa kati yake zilinyeshewa.

Mimi si mtu wa ndoto. Lakini naandika yaliyotokea, na hili lilitokea: mwishoni mwa Januari nilianza kuiota Zara. Nilisimama uwanjani mbele ya kanisa. Maharusi walitoka mlangoni mmoja baada ya mwingine, wakakanyaga ngazi iliyopasuka, wakapita karibu yangu bila viatu vyao kutoa sauti. Mvua ilinyesha lakini hakuna aliyelowa. Na pande zote za uwanja watu walikuwa kazini. Mhunzi alifua chuma, mwanamke alifua nguo, mtu aliburuta gunia, na hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa kuangalia harusi. Kila nilipoamka nilijua kuna kitu kisicho sawa katika mji ule. Nilipitia tarehe zote upya. Zote zilikubaliana.

Ndoa ya kumi na mbili ilikuwa ya dada yake Jakov. Jina lake Luna, na mumewe aliitwa Avram Finci, fundi saa. Walikuwa mke na mume kweli, jambo ambalo si wateja wetu wote waliweza kulisema. Walifika kwetu usiku wa mwisho wa Januari, wakalala nyumbani kwa padri siku tisa, na katika siku hizo tisa wakawa Lucia na Biagio Dorigo, Wakatoliki wa Zara. Safari yao ilipangwa Alhamisi, tarehe 10 Februari 1944, siku ya soko, ili wapotelee katika umati. Wangeteremka kwa miguu hadi stesheni ya Ponte Scuro, wapande treni ya saa nne na dakika ishirini kwenda Milano, na huko mtu angewapeleka mpaka wa Uswisi.

Waliondoka saa moja na nusu asubuhi. Luna alimbusu kaka yake kwenye paji la uso, kama anayekwenda sokoni. Ukungu uliwameza kabla hawajafika kwenye kisima.

Saa mbili nilipita kwa padri kabla ya kwenda ofisini. Jakov alikuwa jikoni na kikombe cha kahawa ya shayiri. Mama Zita, mpishi wa padri, mwanamke wa miaka sitini na tatu asiyejua kusoma, alikuwa anakoroga polenta, ugali wetu laini wa mahindi.

"Kula, Fundi," alimwambia Jakov. "Leo sikutia nguruwe. Nguruwe mwenyewe amekimbilia milimani, kajiunga na wapiganaji."

"Nisalimie nguruwe huyo," Jakov alisema. "Kwa mbali, kama siku zote."

"Na huyo shemeji yako? Atakumbuka mliyomfundisha? Mimi namwona mtu wa kusinzia."

"Avram anatengeneza saa, Mama Zita. Hasahau kitu. Jana nilimuuliza mara nne." Jakov akafumba macho. "Ndoa ilifungwa Jumanne, tarehe ishirini Oktoba, mwaka thelathini na sita. Mvua tangu alfajiri. Bibi harusi alikanyaga dimbwi mbele ya mlango. Wakala samaki."

Mwiko ukasimama.

"Siku gani?"

"Jumanne."

"Sikuulizi siku waliyonunua samaki. Nakuuliza siku waliyooana."

"Ndiyo hiyo hiyo, Mama. Jumanne."

Mama Zita aliangua kicheko. "Jumanne. Na wapi, makaburini? Na msimamizi nani, paka mweusi?" Kisha akamtazama Jakov, akanitazama mimi, na kicheko kikamtoka usoni. "Hamtanii."

"Kuna nini Jumanne?" Jakov aliuliza.

"Jumanne na Ijumaa huoi, wala hushiki safari. Mbuzi wa Roccaverna wanalijua hilo. Padri! Njoo uzisikie harusi zako."

Padri Olinto alikuja na breviari, kitabu chake cha sala, mkononi, kidole kikiwa katikati ya kurasa. Aliposikia alisema, "Ni ushirikina. Nimehubiri dhidi yake miaka ishirini na miwili."

"Hongera. Na katika miaka hiyo ishirini na miwili umefungisha ndoa ngapi Jumanne?"

Padri akatoa kidole kwenye kurasa, akafunga kitabu.

Hapo ndipo nilipouelewa uwanja wa ndoto yangu, na kwa nini watu wote walikuwa kazini.

Jakov alikuwa ameweka kikombe chini. "Kwetu ni siku ya baraka," alisema polepole. "Mungu alipoumba dunia, siku nyingine aliona kazi yake ni njema mara moja. Siku ya tatu aliona mara mbili. Kwa hiyo ampendaye binti yake humwoza siku ya tatu ya juma, yaani Jumanne, maana sisi tunahesabu kuanzia Jumapili. Mama yangu aliolewa Jumanne. Luna mwenyewe aliolewa Jumanne."

"Na hao wengine?" niliuliza. "Wote kumi na moja?"

"Wote. Niliwatafutia kwenye kalenda mmoja mmoja, Bi Ersilia. Nilidhani nawapa zawadi."

"Limo katika Biblia yangu pia," Padri Olinto alisema. "Nalisoma kila mwaka. Sikuwahi kuhesabu."

Hayo ndiyo makosa yetu, na kila mmoja alikuwa na fungu lake. Jakov aliijua Jumanne yake na hakujua kwamba kuna nyingine. Padri aliijua yetu lakini aliidharau, kwa hiyo katika mazoezi hakuiuliza kamwe. Aliuliza Baba Yetu na majina ya watakatifu. Mimi nilikagua namba, na namba hazina siku. Mtu pekee ambaye angeligundua siku ya kwanza alikuwa jikoni, na hatukumwita kwa sababu hajui kusoma.

Hatari haikuwa kwenye cheti. Cheti kilibeba tarehe tu. Hatari ilikuwa mdomoni mwa Avram. Kizuizi cha stesheni ya Ponte Scuro kilikuwa chini ya sajini wa wanamgambo aitwaye Scotto, mtu wa pwani, aliyefika Januari. Scotto hakuwa msomaji mzuri wa karatasi. Aliwaongelesha watu. Katika mwezi mmoja watu sita walizungumza naye vizuri kabisa na kisha wakapandishwa treni nyingine, ile inayokwenda kambini, na hawakurudi.

Jakov alikuwa tayari ameshika koti. "Nakwenda mimi."

"Na lafudhi hiyo?" Mama Zita alisema. "Utafika darajani tu, waanze kukupiga picha ya mfungwa."

"Ni dada yangu."

"Ndiyo maana ukae." Akavua aproni. "Ersilia ana kibali cha ofisi. Mimi nakwenda naye, kwa sababu yeye hajui kudanganya. Huyu akiulizwa umri anataja na saa aliyozaliwa."

Jambo hilo ni kweli. Alichukua shali kutoka kwenye msumari wa mlango, si yake, ya padri, tukatoka.

Ni kilomita sita, na zote ni mteremko. Kwa kawaida ni mwendo wa saa moja na robo. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba niliona mkono wangu lakini sikuiona miguu. Miti ilitujia mmoja mmoja, ikatutazama, ikarudi. Mto ulisikika mara kushoto mara kulia, ingawa upo kushoto tu. Wakati fulani nilisikia hatua za watu wawili mbele yetu, nikaongeza mwendo, na hatua nazo zikaongeza mwendo, na tulipofika pale zinapotoka palikuwa na maji yakidondoka juu ya jiwe. Niliwaza kwamba kama nikifika chini nitakuta Zara, na ngazi tatu, na Luna akitoka mlangoni. Ili nisiwaze hivyo nilihesabu.

"Tangu 1921 mji wetu umeandika ndoa mia sita na kumi na nne," nilimwambia Mama Zita. "Nimezifikiria zote. Za Jumanne ni nne."

"Nne zipi?"

Nilimtajia. Wa kinu, wa nyumba ya daraja, na akina dada wawili wa Pian del Lupo.

"Ah, hao." Alikuwa anahema lakini hakupunguza mwendo. "Na watoto wao wa kwanza walizaliwa lini? Wewe una kila kitu kichwani."

Nilimwambia. Baada ya miezi minne, mitano, minne, mitatu na nusu.

"Basi umejijibu," alisema, akaongeza mwendo mpaka tuliposikia soko.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi: tuwapate kwenye foleni kabla ya meza ya Scotto, tumwambie Avram anyamaze kuhusu siku. Tulifika saa tatu na nusu. Kulikuwa na wanawake wenye kuku, na mikokoteni, na ukungu ukipita katikati ya watu kama mtu anayetafuta jamaa yake. Foleni ilikuwepo. Luna na Avram hawakuwemo. Walikuwa mezani.

Meza ya Scotto iliwekwa chini ya saa ya stesheni. Sajini alikuwa na mafua. Aliweka leso pembeni mwa karatasi, ikiwa imekunjwa vizuri. Askari watatu walisimama nyuma yake na bunduki. Tulisogea hadi hatua nne au tano, na niliyasikia yote.

"Zara," alisema Scotto. "Mji mzuri, wanasema. Mlioana huko huko?"

"Huko huko, bwana," Avram alijibu, wima kama mwanafunzi. "Jumanne, tarehe ishirini Oktoba. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mke wangu alikanyaga dimbwi. Tulikula samaki."

Sajini hakuandika chochote. Alipenga kamasi, akakunja leso tena.

"Jumanne."

"Naam, Jumanne."

"Mama yangu," Scotto alisema kwa upole, "hakukubali hata ng'ombe apelekwe kwa dume siku ya Jumanne."

Askari walicheka. Avram alitabasamu kwa adabu, akisubiri aambiwe kinachochekesha. Hakujua. Luna alijua kwamba kuna kitu, kwa sababu alimtazama mumewe mdomoni, halafu akanitazama mimi ndani ya umati, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Tuongee zaidi," sajini alisema. "Simameni pale ukutani."

Mama Zita alinisukuma kando.

"Lucia, mwanangu, umeacha shali," aliita, akaifikia meza na kuanza kumfunga Luna shali ya padri shingoni. "Njia nzima nakuita. Una masikio ya mapambo?"

"Wewe nani?" Scotto aliuliza.

"Mpishi wa Padri Olinto, Roccaverna. Hawa ni wakimbizi wetu. Wamekula polenta yangu siku tisa, nawajua kuliko magoti yangu."

"Unawajua. Basi nieleze, mama. Mkatoliki gani huoa Jumanne?"

Mama Zita alifanya ishara ya msalaba. Kisha akainama juu ya meza na kushusha sauti, kwa namna ile ambayo foleni nzima husikia.

"Sajini, ulitaka waoane Jumamosi? Kengele zikilia, na tumbo likiwa hapa?" Mkono wake ulionyesha hapa ni wapi. "Padri gani angempa Jumamosi? Kwetu wa namna hiyo huoana Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, mlango wa pembeni. Ni nne tu tangu mwaka ishirini na moja, muulize karani huyu. Mama yako angekusimulia na hilo, kama asingeona aibu."

Kicheko cha askari sasa kilikuwa cha aina nyingine. Mwanamke mwenye kuku alisema, "Hata Zara, kumbe." Avram, ambaye alikuwa hajaelewa la kwanza, alielewa hili la pili, na akawa mwekundu hadi masikioni. Katika vyeti vyote tulivyowahi kutengeneza hakuna kilichoshinda wekundu ule.

"Karani?" Scotto alinigeukia.

"Nne," nilisema. "Kati ya mia sita na kumi na nne." Sikuulizwa zaidi, na sikudanganya.

Sajini alianza kuikunja karatasi ya Avram ili amrudishie. Alikuwa anatabasamu. Kisha mkono ukasita, na akaifungua tena.

"Na mtoto yuko wapi?"

Nilihesabu. Oktoba 1936, tumbo la miezi mitano, mtoto angezaliwa Februari 1937. Angekuwa na miaka saba. Katika karatasi za Lucia na Biagio Dorigo hapakuwa na mtoto. Mimi ndiye niliyehakikisha hayupo, kwa sababu kila mtu unayemwongeza ni tarehe nyingine ya kukumbuka. Nilimtazama Mama Zita. Alikuwa anafunga upya fundo la shali alilokwisha kulifunga. Saa ya stesheni juu yetu ilipiga dakika, na sauti yake ikasikika kama inatoka mbali, kutoka chini ya maji.

"Alikufa," Luna alisema.

Alisema bila kuharakisha. Alikuwa anamtazama sajini, lakini si yeye aliyekuwa anamwona.

"Lini?"

"Tarehe tano Februari. Jumamosi iliyopita imetimia tena. Aliishi mchana mmoja na usiku mmoja. Theluji ilianguka, ikabidi wachimbe kwa sururu."

Avram aliweka mkono mgongoni mwa mkewe. Hakuna aliyemfundisha hilo.

"Alibatizwa?" Scotto aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua, lakini aliuliza.

Nikaona kwamba Luna atasema hapana, kwa sababu lililotoka mdomoni mwake lilikuwa kweli na alikuwa bado ndani ya ukweli huo.

"Mkunga alimbatiza," alisema Mama Zita. "Kwa maji ya birika. Hata mimi ningefanya, hata wewe. Si ndivyo tulivyofundishwa?"

"Ndivyo," sajini alisema. Akarudisha karatasi. Hakumpa Avram, alimpa Luna. "Nendeni. Anayefuata, mwenye kuku."

Treni ilichelewa dakika arobaini. Hatukusimama nao. Kutoka mlangoni niliwaona wakipanda, yeye mbele na mumewe nyuma, shali ya padri ikiwa nyeusi katikati ya weupe. Kisha ukungu ukaanza kusogea, na ilinichukua muda kutambua kwamba kinachosogea ni treni.

Njiani kurudi Mama Zita alisimama mara tatu. Mara ya tatu alikaa kwenye jiwe.

"Mimi nilidhani namsaidia," alisema. "Nimemvua nguo mbele ya watu."

Nilimwambia kwamba bila yeye wangekuwa ukutani. Huo ulikuwa ukweli. Alisema anajua ni ukweli, akaendelea kukaa.

Jakov alitusubiri sakristia, amesimama, na Padri Olinto kando yake. Niliwasimulia kwa utaratibu, saa kwa saa, bila kuacha kitu. Nilipofika kwa mtoto, Jakov aliketi.

"Ni kweli," alisema. "Mwaka mwingine, lakini siku ni hiyo. Sarajevo, thelathini na tisa. Msichana. Avram alimbeba mwenyewe chini ya koti, kwa sababu sanduku lilikuwa dogo kiasi kwamba aliona haya kulipa gari. Mimi nilishika sururu. Miaka mitano Luna hajamtaja, hata kwangu."

Mama Zita alikuwa mlangoni. "Fundi, kuna jambo Ersilia hajamaliza. Nilisema alibatizwa. Nilimbatiza mwanenu kwa mdomo, mbele ya foleni. Nisamehe."

Jakov alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kusamehe.

"Kwa maji ya birika?"

"Ya birika."

"Birika ambalo halikuwepo." Alisugua macho. "Maji kama hayo hayamlowanishi mtu, Mama Zita. Wala hayamdhuru."

Padri Olinto alimvutia Mama Zita kiti.

Siku ya nane ilikuja kadi kutoka Como: vitambaa vimefika salama, rangi haikuchuja. Hayo ndiyo maneno tuliyokubaliana. Kwa wale kumi na moja wa kabla, tulituma habari kila tulikoweza: wasitaje siku. Baada ya vita tulipata barua za ndoa tisa. Ndoa mbili hatujasikia kitu hadi leo. Sijui kama Jumanne inahusika. Nimeuliza kila mahali panapoulizika, na naandika hapa kwamba sijui.

Jioni ya siku ile kadi ilipofika kulikuwa na kazi nyingine mezani: wazee wawili wa Trieste, waliofichwa Genova, wakihitaji cheti kabla ya Jumatatu. Jakov aliandaa karatasi, akachovya kalamu, akageukia jikoni.

"Mama Zita. Siku gani?"

Alikuja akifuta mikono, akasimama juu ya karatasi asiyoweza kuisoma. Tangu Ponte Scuro alikuwa anaitwa kila wakati.

"Jumamosi asubuhi," alisema. "Kama watu."

Kalamu ya Jakov ilibaki hewani.

"Siku nyingine haifai?"

"Jumapili padri ana misa tatu. Jumatatu watu wanafua. Fundi, hawa wana miaka sabini, waache waoane vizuri."

"Kwetu siku ya Sabato hakuna ndoa. Hata kuandika hakuna."

"Leo ni Jumamosi?"

"Leo ni Ijumaa, na jua limezama. Sabato imeshaingia."

"Basi si wewe unayeoa."

"Najua si mimi," Jakov alisema. Alikuwa amechapa, amechonga, ameghushi saini za maaskofu wawili, na katika sakristia ile alikuwa amekesha Ijumaa nyingi akifanya kazi, kwa sababu maisha ya mtu huitangulia Sabato. Hilo pia ni sheria yao, na alinieleza. Lakini kuwapeleka wazee wale wawili madhabahuni siku hiyo, kwa mkono wake, hakuweza. Kisha akaigeuza kalamu na kunielekezea mpini wake.

"Iandike wewe, Bi Ersilia."

Nilitafuta mwenyewe kwenye kalenda. Mwaka tuliohitaji ulikuwa 1933. Tarehe 16 Septemba ilikuwa Jumamosi. Nikaiandika kwa mwandiko unaosomeka, na Jakov akasimama dirishani, ametupa mgongo, mpaka wino ukakauka.